Saa za mkono za zamani: namna ya kuzinunua, kuzifungua na kuzifufua ukiwa Dar

Anayetaka kuanza kukusanya saa za zamani ninamshauri jambo moja kabla hajatoa hata shilingi: chagua mashine moja (mtambo wa ndani unaoendesha saa), uijue mpaka ndani, majina makubwa yatafuata. Wengi huanza kinyume. Mtu anaiona Omega ya miaka ya sitini mtandaoni, anainunua kwa bei ya kuumiza, inasimama baada ya wiki mbili, spea hazipatikani na yeye mwenyewe hajawahi kushika bisibisi ndogo. Saa inaishia kwenye droo na hamu inakwisha.

Mashine ninayoipendekeza kwa mkazi wa Dar es Salaam ni ya Seiko 5, hasa zenye namba 7009, 6309 na 7S26. Si saa za kujionyesha. Ila zimejaa mjini, karibu kila fundi mwenye meza ya kioo amezifungua, na zile zilizokufa ndizo spea zako. Seiko walianza kutumia jina la 5 mwaka 1963, wakimaanisha mambo matano: saa ijijaze yenyewe mkono unapotembea, siku na tarehe zikae dirisha moja, isiogope maji, kifundo cha kurekebishia majira kijifiche kwenye alama ya 4, na bodi (ganda la nje) na mkanda viwe vigumu. Saa iliyoundwa hivyo inavumilia jasho na vumbi la hapa kwetu, ndiyo maana nyingi bado zinafufuka.

Mashine ya 6309 ilianza kutoka mwaka 1976, na 7S26 mwaka 1996. Hizi tatu zote zinapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mapigo sita kila sekunde, na zote tatu hazijazwi kwa kuzungusha kifundo. Likariri hili la mwisho. Sokoni utasikia, "Hii haijazi, kamani imekatika," yaani springi inayoiendesha, na bei inashuka, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Itikise taratibu kwa nusu dakika, mshale wa sekunde utaondoka. Vilevile ukivuta kifundo, mshale wa sekunde hausimami, na huo si ubovu.

Pa kuzitafuta

Anza na kabati la nyumbani. Wazee waliofanya kazi bandarini, relini, mashuleni na maofisini walivaa saa za kujaza na za otomatiki kwa miaka, na nyingi zimelala kwenye bahasha au kopo la vifungo. Omba kwa adabu, na usianze na habari ya kununua: "Shikamoo babu. Ile saa yako ya zamani bado ipo? Naomba niitazame tu." Mara nyingi mzee hataki kuiuza, anataka itembee tena. Ukimrejeshea ikiwa inatembea, jina lako litazunguka ukoo mzima, na droo nyingine zitafunguka.

Baada ya hapo ndiyo uende Kariakoo, soko la mitumba la Mchikichini, na mitaa ya Kisutu yenye masonara na maduka ya saa ya siku nyingi. Ukivuka kwenda Unguja, pitia maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe. Huko unaweza kukuta Seiko ambazo duara la siku limeandikwa kwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hizo mimi nazipenda kuliko zote, na ukiipata iliyo safi usiiache.

Tahadhari moja. Saa ni kitu kinachonyakuliwa kirahisi mjini, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Anayekufuata kituo cha daladala na saa mfukoni, bei ya kutupa, mpite. Nunua kwa mtu mwenye meza yake, akuandikie japo karatasi yenye namba ya saa na tarehe.

Kuisoma kabla ya kulipa

Igeuze. Kwenye mfuniko wa nyuma wa Seiko kuna namba mbili. Ya kwanza ina kistari katikati, mfano 7S26-0480: tarakimu nne za mwanzo ni mashine, nne za mwisho ni bodi. Ya pili ni namba ya saa yenyewe. Tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 mpaka 9 kwa Januari mpaka Septemba, kisha sifuri au O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Namba inayoanza na 7N kwenye saa ya 6309 ni Novemba 1977 au Novemba 1987. Muongo unaujua kwa kulinganisha na miaka mashine hiyo ilipokuwa ikitengenezwa.

Sasa itazame usoni kwa lenzi, chini kabisa karibu na alama ya 6. Kuna maandishi madogo mno yanayoanza na namba ya mashine. Yakisema 7009 na nyuma pameandikwa 6309, umeshika saa ya kuungaunga. Si lazima uikatae, ila ilipie kama spea.

Kisha ilaze uso ili mwanga uupitie kiubavu. Hapa ndipo uongo unapoonekana. Uso wa kiwandani una maandishi makali yenye kingo safi; uliopakwa upya una herufi zilizovimba, mistari ya dakika isiyokutana na alama za saa, na rangi inayong'aa kupita umri wa bodi. Saa nyingi za HMT, zile za kampuni ya serikali ya India iliyoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, pamoja na Favre-Leuba, zinauzwa siku hizi mtandaoni zikiwa na nyuso za rangi za peremende ambazo hazikutoka kiwandani. Ukiipenda, ivae. Usiambiwe tu kwamba ni orijino.

Mambo mengine yanakwenda haraka. Zungusha mishale mpaka tarehe ibadilike. Ibadilike karibu na saa sita usiku, siku na tarehe zote mbili. Tikisa saa karibu na sikio: ukisikia kukwaruza, rota (uzito unaozunguka ndani na kuijaza saa) inagusa mfuniko au kitovu chake kimelika. Angalia kingo za bodi. Zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, imesuguliwa kwa mashine, na chuma kilichoondoka hakirudi. Kutu kwenye nati za mfuniko ni onyo kwamba unyevu umeingia ndani.

Kuna saa moja usiifungue nyumbani kabisa: ya kabla ya miaka ya sitini yenye rangi ya kahawia iliyopasuka kwenye namba na mishale, iliyokuwa ikiwaka gizani. Huenda hiyo ni rediamu, kitu chenye mionzi. Rangi haiwaki tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka, lakini rediamu yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 1,600. Unga wake ukiuvuta kwa pumzi unakaa mwilini. Saa zilizokuja baadaye zina herufi T chini ya uso, yaani tritiamu, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Hatari yake ni ndogo mno, ila usiikwangue.

Kaa na fundi

Chuo cha karibu zaidi ni kibaraza cha fundi saa. Mfuate asubuhi kabla wateja hawajajaa. "Shikamoo mzee. Naomba nikae nikutazame ukifungua hii, nitakulipa na muda wako." "Marahaba. Kaa, ila usiniegemee meza."

Tazama mikono yake. Anaishika mashine kwa ukingo, kidole hakigusi uso wala gurudumu. Kila skrubu inaingia kwenye kifuniko chake cha soda kwa mpangilio, za daraja moja (kipande kinachoshikilia magurudumu) mahali pamoja. Anapuliza vumbi kwa kipira, kwa sababu pumzi ya mdomo ina unyevu na chuma cha saa kinashika kutu kirahisi. Kibano hakibani kwa nguvu. Kwenye mikono yake kinashika kwa uzito wa kidole tu. Mambo haya huwezi kuyajua kwa kusoma. Mnunulie saa mbovu mbili au tatu za 7009 alizonazo kwenye kopo. Hizo ndizo utakazojifunzia.

Kuna desturi moja ya vibarazani usiichukue: kuitumbukiza mashine nzima kwenye petroli bila kuifungua, kuitikisa na kuirudisha. Saa itatembea, na mteja ataondoka ameridhika. Lakini petroli imeyasukuma mafuta ya zamani na uchafu mpaka ndani ya vito (vijiwe vyenye tundu vinavyoshika magurudumu), na vidato (ncha za ekseli) vya magurudumu vinaanza kusagika bila mafuta. Baada ya miezi kadhaa hakuna cha kusafisha tena, kuna cha kutupa.

Meza na zana

Zima pangaboi. Nalisema kwanza kwa sababu kwa joto la Dar ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalopoteza vifaa vingi. Springi ya tarehe ikiruka na upepo ukiwa juu, huioni tena. Fanya kazi alfajiri au usiku, tandika kitambaa cheupe kisicho na nyuzi, meza iwe juu karibu na kifua, na uwe na taa ya kuchaji kwa sababu umeme ukikatika balansi (gurudumu linalocheza huku na huku) ikiwa kwenye kibano hutaki kupapasa gizani.

Bisibisi nunua seti yenye ncha za milimita 0.8, 1.0, 1.2, 1.4 na 1.6, na jiwe la kunolea. Ncha isiyojaa ufa wa skrubu itauchana. Vibano viwili vya ncha kali visivyoshika sumaku. Lenzi ya kukuza mara 5 ya kufanyia kazi na ya mara 10 ya kukagulia. Kishikio cha mashine, vijiti viwili vya kunyanyulia mishale, kipira cha kupulizia, gundi ya kuokotea uchafu, na kifungulio cha mfuniko chenye meno matatu. Mafuta ndipo usipobana fedha: Moebius 9010 kwa sehemu nyepesi zinazokwenda kasi, HP-1300 kwa nzito zinazokwenda polepole, 9415 kwa vito vya uma (kipande kinachopokezana mapigo na balansi), na 8217 kwa ukuta wa pipa la kamani (kasha lake) kwenye otomatiki. Tone moja linahudumia saa nyingi. Mafuta ya cherehani yanatambaa na kukauka, ya nazi yanaganda, na yale ya dawa ya kulegeza nati yanaharibu kila kitu.

Kuifungua

Anza na saa iliyokufa, na kila hatua ipige picha kwa simu kabla ya kugusa.

Fungua mfuniko. Kabla ya kutoa mashine, toa shina la kifundo: kwenye Seiko hizi kuna kidoto kidogo karibu na shina, kibonyeze taratibu kwa ncha ya bisibisi huku ukivuta. Kwenye saa nyingi za zamani za Uswisi ni skrubu, na hiyo ilegeze mzunguko mmoja au miwili tu. Ukiitoa yote, kipande kilicho upande wa pili kinadondoka na itakubidi ufungue mpaka chini ya uso.

Ilaze mashine, toa mishale kwa vijiti viwili, karatasi ya nailoni ikiwa juu ya uso kuzuia mikwaruzo. Nyanyua uso kidogo kidogo pande zote. Chini yake duara la siku limeshikwa na kipete kilichokatika upande mmoja. Kipete hicho huruka. Fanya hatua hiyo mikono na mashine vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Geuza. Toa rota. Hiyo ndiyo inayoendesha mkono wenye ncha mbili. Ule mkono ndio ujanja mkubwa wa Seiko: rota ikizunguka upande wowote, ncha moja inavuta na nyingine inasukuma, gurudumu linakwenda upande mmoja tu na kamani inajaa.

Sasa lazima uondoe nguvu ya kamani. Weka bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu lililo juu ya pipa, ishike imara, sogeza kizuizi pembeni kwa kibano, na uiache bisibisi ijirudishe polepole chini ya udhibiti wa vidole vyako. Ukisahau na kutoa uma kwanza, magurudumu yote yatazunguka kwa kasi, na meno au vidato vitavunjika.

Kinachofuata ni balansi. Legeza skrubu ya daraja lake, linyanyue, na balansi iondoke ikining'inia pamoja nalo, kisha iweke mara moja juu ya meza ikiwa imepinduliwa. Springi yake ni nyembamba kama unywele. Ikikunjwa, mwanafunzi hawezi kuinyoosha. Baada yake uma, madaraja, magurudumu kwa zamu, na pipa.

Kusafisha na kutia mafuta

Tumia petroli safi ya viberiti, dirisha wazi, mbali na jiko na sigara. Sugua kila kipande kwa brashi laini, na kila tundu la kito lichomeke kijiti cha mbao kilichochongwa, ukizungusha mpaka kitoke safi. Kijiti kitatoka cheusi mara kadhaa, usichoke. Uma usiuloweke kwenye spiriti hata kidogo. Vito vyake viwili vimegandishwa kwa shelaki, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Petroli haiidhuru.

Kwenye mafuta, wanaoanza hukosea kwa kuzidisha. Kwenye kikombe kidogo cha kito, mafuta yaonekane kama duara linalozunguka kidato bila kufurika. Kwenye kito kifuniko cha balansi, tone lifunike kama nusu ya upana wake au kuzidi kidogo. Vidato vya uma viache vikavu. Mafuta pale yanapunguza nguvu ya saa. Tia 9415 kidogo mno kwenye uso wa vito vyake vinavyogusa gurudumu la meno yaliyochongoka. Meno ya magurudumu mengine usiyatie kitu.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, kwa kanuni moja: kabla ya kukaza skrubu ya daraja, gusa gurudumu la kwanza taratibu uone yote yanazunguka kwa uhuru. Daraja likikazwa kidato kikiwa nje ya tundu lake, kimekatika. Ukiishusha balansi mahali pake na uma ukiwa na nguvu kidogo ya kamani, itaondoka yenyewe. Hapo ndipo wengi wetu tuliponaswa na kazi hii: chuma kilicholala kwenye kopo kinaanza kupumua mbele ya macho.

Kurekebisha kasi

Iache itembee siku nzima kabla ya kugusa kasi. Kifaa cha kupimia mapigo kinasaidia sana, na zipo programu za simu zinazosikiliza kwa maikrofoni. Tazama mambo mawili. Upana wa kucheza kwa balansi: kwa Seiko hizi digrii 220 kwenda juu, saa ikiwa imejaa na imelala, unaridhisha, chini ya 200 rudi kwenye usafi na kamani. Pili, tofauti kati ya mpigo wa kwenda na wa kurudi, ambayo ikiwa chini ya milisekunde 1 inatosha. Kwenye 7S26 kuna mikono miwili juu ya balansi, mmoja wa kasi na mwingine wa tofauti hiyo. Jua upi ni upi kabla ya kusogeza, na usogeze kwa upana wa unywele tu. Saa ya umri huu ikikimbia au kuchelewa sekunde 20 kwa siku ni nzima. Mimi naziacha zikimbie kidogo.

Ikikimbia dakika nyingi ghafla, usiifungue. Washa dira ya simu na uisogeze saa karibu. Dira ikiyumba, saa imeshika sumaku, pengine ya spika au kava la simu. Kiondoa sumaku kinamaliza kazi kwa sekunde chache.

Kuivaa na kuitunza Dar

Oringi ya mfuniko (mpira wa duara wa kuzuia maji) badilisha kila ufunguapo, uipake grisi ya silikoni. Hata hivyo maandishi ya kuzuia maji yaliyo mgongoni yalikuwa kweli saa ilipokuwa mpya. Usiingie nayo baharini Coco Beach wala Kigamboni. Kioo kikiota ukungu kwa ndani, ifungue siku hiyohiyo ukaushe. Maji ya chumvi hayasubiri kesho.

Tarehe usiibadilishe kwa kifundo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwani meno ya tarehe yameshashikana na ukilazimisha yanavunjika. Peleka kwanza mishale kwenye saa kumi na mbili, yaani mshale wa saa kwenye alama ya 6.

Kipindi cha masika hifadhi saa kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Mkanda wa ngozi unaoza kwa jasho. Nailoni unafua na kuanika. Kwa kila saa weka ukurasa kwenye daftari: namba ya mgongoni, aliyekuuzia, tarehe uliyoifungua, kipande ulichobadilisha na kilikotoka, mafuta uliyotia. Ukijaza kurasa kumi za 7009 na 6309 zinazotembea, nenda katafute Citizen au Orient, kisha Tissot ya kujaza kwa mkono, ambayo haina rota wala duara la siku na utaiona nyepesi kuifungua kuliko ulivyodhani.